Mikono yote miwili katika kunyoa kwa wembe wa kukunja

Anayejinyoa kwa wembe wa kukunja, ule wa bapa refu linalolala ndani ya mpini wake, hukutana mapema na swali moja: akishamaliza shavu la kulia, je, auhamishie wembe mkono wa kushoto, au aendelee na mkono uleule kwa kuupitisha mbele ya uso hadi upande wa pili? Wengi huendelea na mkono uleule, na sababu yao inaeleweka, kwani si rahisi mtu kukabidhi kitu chenye makali ya namna hiyo kwa mkono ambao hata kuandika jina lake hauwezi. Mimi nina msimamo ulio kinyume, na ningependa kuueleza kwa kirefu, kwa sababu jambo hili hutajwa harakaharaka kana kwamba ni suala la mazoea ya mtu tu, ilhali lina sababu zake katika umbo la wembe wenyewe na katika umbo la uso.

Bapa la wembe huu lina ncha upande mmoja na kisigino upande wa pili, karibu na mahali vidole vinaposhika. Ukiushika kwa mkono wa kulia na kuuweka kwenye shavu la kulia, chini kidogo ya sharafa, mkono unabaki pembeni, upande wa sikio, na ncha inaelekea mbele, upande wa pua. Kioo hakifichi chochote: unayaona makali, unaliona povu linavyoondoka, na unaiona ngozi iliyobaki nyuma yake. Upeleke sasa mkono huohuo kwenye shavu la kushoto. Kiganja kinakaa mbele ya mdomo na pua, mkono unaziba sehemu kubwa ya kile ulichokuwa ukikiona, na ncha, ambayo hukata ngozi kwa urahisi kuliko sehemu nyingine yoyote ya makali, inaelekea sikioni. Ndewe ya sikio ni laini, haina mfupa, na iko mahali hasa ambapo ncha isiyoonekana vizuri hupitia. Ukiuhamishia wembe mkono wa kushoto, hali ya awali inarudi yote: mkono pembeni, ncha mbele, kioo wazi. Hii ndiyo hoja yangu kuu, na kwa maoni yangu ingetosha hata kama pasingekuwa na nyingine.

Nadhani sababu mojawapo ya kusahauliwa kwa mkono wa pili ni kwamba vifaa ambavyo wengi wetu tulivizoea kwanza havikuuhitaji. Katika kifaa ambacho King Camp Gillette alipewa hataza yake nchini Marekani mwaka 1904, kile cha wembe mwembamba unaobadilishwa, mshikio umesimama katikati na makali yako pande zote mbili za kichwa, kwa hiyo mkono mmoja unafika mashavu yote mawili bila kugeuza kitu kingine zaidi ya kifundo. Wembe wa kukunja haukuumbwa hivyo. Mshiko wake uko upande mmoja wa bapa, na upande huo lazima uwe mahali fulani, ama nje ya uso, ama mbele ya uso.

Sababu nyingine ni vinyozi. Mtu anayetaka kujifunza humtazama kinyozi, naye humwona akitumia mkono mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Katika mafunzo ya jadi ya kazi hiyo uso wa mteja hugawanywa katika maeneo 14, na kila eneo lina mpigo wake: pengine wembe huvutwa kumwelekea kinyozi, pengine husukumwa kwa kuugeuza mkono, pengine hupandishwa kutoka chini. Ni elimu nzuri na iliyokamilika, lakini kinyozi amesimama kando ya kichwa cha mtu mwingine. Anaweza kukizunguka kiti, anaweza kumgeuza mteja shingo, na anaitazama ngozi yenyewe badala ya taswira yake kwenye kioo. Anayejinyoa hana uwezo wa kutoka ndani ya mwili wake akajisimamia pembeni. Kumwiga kinyozi katika jambo hili ni kuchukua jibu la swali ambalo si letu.

Namna ya kuushika wembe haibadiliki kwa kuhama mkono. Mpini hufunguliwa ukapita mstari ulionyooka mpaka ukasimama ukiwa mbali na uso. Kidole cha shahada, cha kati na cha pete hulala juu ya shingo ya wembe, yaani ile sehemu nene isiyo na makali iliyo kati ya bapa na msumari unaoushikilia mpini. Kidole cha mwisho hukaa kwenye mkia uliopinda, ulio nyuma ya msumari huo, na gumba huegemea chini ya shingo hiyo, karibu na kisigino cha bapa. Katika mkono uliozoea, vidole hujipanga vyenyewe. Katika mkono mgeni, gumba hujisogeza, kidole cha mwisho huinuka kutoka mkiani, na hapo wembe hupoteza utulivu wake na kuanza kucheza. Ndiyo maana kabla makali hayajagusa ngozi mimi hukitazama kidole cha mwisho. Kikiwa mahali pake, vingine kwa kawaida vimekaa sawa.

Watu huamini kwamba tatizo la mkono wa pili ni udhaifu, jambo ambalo si kweli, kwa kuwa kazi hii haitaki nguvu. Wembe ulionolewa vizuri kwenye kinoo na kupitishwa kwenye ukanda wa ngozi kabla ya kila kunyoa hukata karibu kwa uzito wake wenyewe, na mkono unauongoza tu. Wembe butu ndio unaoulazimisha mkono kukandamiza, na mkono mgeni ukikandamiza hauwezi kupima kiasi. Kwa hiyo makali yaliyokamilika ni usalama, hasa kwa upande wa kushoto, hata kama mwanzoni wazo hilo linatisha. Vivyo hivyo kwa maandalizi ya ndevu zenyewe: nywele zilizoloweshwa kwa maji ya uvuguvugu kwa dakika mbili tatu hunywa maji na kulainika, na ukinzani unaobaki ni mdogo.

Tatizo halisi ni pembe. Wembe hutakiwa kulala karibu na ngozi kwa nyuzi zisizozidi 30 hivi, na njia nyepesi ya kukisia bila kupima ni kuacha kati ya mgongo wa wembe na ngozi nafasi inayolingana na unene wa mgongo huohuo, au zaidi yake kidogo. Mgongo ukiinuka mno, makali huikwangua ngozi na kuiacha ikiwaka. Ukilala mno, makali huteleza juu ya nywele na kuzivuta bila kuzikata. Shavu si uwanja uliosawazishwa: kutoka kwenye sharafa hadi ukingo wa taya uso hupinda zaidi ya mara moja, na kifundo cha mkono kinapaswa kuufuata kila upindapo. Mkono wa kulia wa mtu aliyezoea hufanya hivyo bila kuambiwa. Wa kushoto hukaza kifundo kwa hofu, na kifundo kilichokazwa hakifuati kitu. Kuna hatari moja nyingine iliyo kubwa kuliko zote, nayo ni kuusogeza wembe kwa urefu wa makali yake, jinsi kisu kinavyosogezwa wakati wa kukata nyama. Hata msogeo mdogo wa namna hiyo hupasua ngozi, ilhali makali hayohayo yakishuka moja kwa moja yangepita salama. Mkono mgeni ukichoka huanza kupotoka kwa upande, kwa hiyo mpigo wake uwe mfupi, usiozidi upana wa vidole viwili, kisha usimame.

Sikio husaidia kuliko watu wanavyodhani. Wembe wenye pembe sahihi juu ya ndevu zilizolowa hutoa mkwaruzo mwembamba, ulio sawa kutoka mwanzo wa mpigo hadi mwisho wake. Pembe ikipanuka sauti huwa nzito na kavu; ikipungua mno hunyamaza, au hukatikakatika. Kwa kuwa shavu la kulia hunyolewa kwanza na mkono uliozoea, sauti yake inabaki kichwani, na kazi ya mkono wa kushoto ni kuitafuta sauti ileile upande wa pili. Nimeona njia hii inafundisha haraka kuliko kukodolea macho kioo, kwa sababu macho huona kosa likishatokea na sikio hulisikia linapoanza.

Jinsi ya kuufundisha mkono huo si jambo la kunichukua maneno mengi. Uanze na eneo moja tambarare, lile la chini ya sharafa ya kushoto, na sehemu nyingine za upande huo zimaliziwe kwa njia yoyote ambayo mtu ameizoea. Upake povu kwa mkono wa kushoto, kwa maana kuizungusha brashi usoni kunakifundisha kifundo mapindo ya shavu bila hatari yoyote. Baadaye eneo liongezwe kuelekea taya. Kinachonipa imani zaidi ni kwamba mkono wa kushoto hauanzi kabisa kutoka sifuri. Mwaka 1894 Edward Wheeler Scripture na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba mkono mmoja ukifanyishwa mazoezi ya utulivu na ya nguvu, mkono mwingine ambao haukufanyishwa kitu nao hupata sehemu ya ustadi huo, na tafiti nyingi zilizofuata zimelithibitisha jambo hilo. Kwa anayejinyoa, maana yake ni kwamba kila asubuhi ya mkono wa kulia inamfaa pia wa kushoto, na anachobakiza huyu wa pili ni kukifanya mwenyewe kile ambacho tayari anakijua nusu.

Mpaka hapa nimezungumza juu ya mkono wenye wembe, lakini nusu ya kunyoa iko katika mkono usio na wembe. Ngozi iliyolegea hujikunja mbele ya makali, na pale ilipojikunja ndipo inapokatwa. Ni lazima ishikiliwe, na ishikiliwe kutoka nyuma ya mpigo, upande ambao wembe unatoka. Unaponyoa shavu la kulia kwa mkono wa kulia, mkono wa kushoto hupita juu ya kichwa, vidole vikashuka mbele ya sikio la kulia na kuivuta ngozi juu. Mkao huu huonekana wa ajabu kwa anayeuona mara ya kwanza, lakini hauna mbadala mzuri, kwa kuwa mkono ukipita juu ya kichwa hauzibi kioo, na uvutaji wake unakwenda moja kwa moja kinyume na mpigo. Upande wa kushoto mambo yanageuka, na hapo hutokea jambo ambalo halisemwi vya kutosha: mkono wa kulia nao ni mwanafunzi. Umezoea kukata, haujazoea kushikilia, na mwanzoni huvuta ngozi kwa nguvu kupita kiasi, au huiachia katikati ya mpigo kwa sababu mawazo yote ya mtu yamehamia kwenye mkono wenye wembe. Anayelalamika kwamba mkono wake wa kushoto haunyoi sawasawa anapaswa kwanza kuutazama wa kulia unafanya nini.

Vidole vinavyoshikilia ngozi lazima viwe vikavu. Sabuni kidogo tu ikivifikia, vinateleza, na ngozi inarudi chini ya makali yanayotembea. Mimi huweka taulo ndogo karibu na mkono na kipande cha shabu kilicholoweshwa kidogo. Vidole vikisuguliwa kwenye shabu hiyo hupata mshiko ambao taulo peke yake haitoi, na shabu hiyohiyo hutumika mwishoni kusimamisha damu ya mikwaruzo midogo. Kuhamisha wembe kutoka mkono mmoja kwenda mwingine kufanyike mbali na uso, bapa likiwa limefutwa povu, na mkono unaopokea ushike shingo ya wembe kabla mkono unaotoa haujaachia. Wembe ukiponyoka, uachwe uanguke. Hakuna mkono, wa kulia wala wa kushoto, unaopaswa kujaribu kuudaka.

Kushikilia ngozi kuna kipimo chake, na hapa naomba wenye ndevu za kujisokota wanisome kwa makini, kwa sababu ushauri unaotolewa kwa watu wote huwadhuru wao. Ngozi haitakiwi kuwambwa kama ngoma. Nywele inayokatwa wakati ngozi imewambwa sana hurudi ndani ya kitundu chake ngozi inapoachiwa, na kwa kuwa imekatwa ikabaki na ncha kali, na kwa asili yake inapinda, inapoanza kukua huutoboa ukuta wa kitundu na kuingia ndani ya ngozi badala ya kutoka nje. Hivyo ndivyo vipele vya ndevu vinavyoanza, pamoja na madoa meusi yanayobaki baada yake. Kwa ndevu za aina hii vidole viizuie tu ngozi isikunjike, visiivute. Wembe ufuate uelekeo wa nywele, raundi moja, na mtu aridhike na uso uliosafishwa badala ya kutafuta uso usio na hata kivuli cha nywele. Mikono miwili humsaidia mtu huyu kuliko mwingine yeyote, kwa kuwa mkono ulio upande sahihi huweza kuufuata uelekeo wa nywele bila kulazimisha, na uwezo wa kushikilia kwa upole hutokana na mkono ulio huru na uliokaa vizuri. Vipele vikishakuwa vingi au vikitunga usaha, wembe uwekwe kando na daktari aonwe.

Si kila mahali napohamisha mkono. Kidevuni na juu ya mdomo natumia mkono wa kulia peke yake, na sioni sababu ya kufanya vinginevyo. Maeneo hayo yako katikati ya uso, kwa hiyo hoja ya kioo kuzibwa haina uzito mkubwa, na upana wake ni mdogo kiasi kwamba mpigo ni wa milimita chache tu. Kinachohitajika hapo ni kazi ya mkono mwingine: kwa mdomo wa juu, vidole viwili huinua ncha ya pua taratibu huku mdomo wenyewe ukivutwa chini juu ya meno, kwa kidevu, mdomo wa chini huvutwa juu ya meno, na kidole husukuma ngozi kutoka pembeni ili ile mviringo igawanyike katika vipande vidogo vilivyo tambarare. Wapo wanaohamisha mkono hata hapo kwa ajili ya usawa. Mimi naona usawa si kitu cha kutafutwa kwa ajili yake wenyewe. Mkono unahamishwa pale unapoona na kufika vizuri zaidi.

Anayetumia mkono wa kushoto kwa kila kitu, na kati ya watu kumi hukosi mmoja hivi wa aina hiyo, asome yote haya kwa kugeuza pande. Wembe wa kukunja wa mtindo wa Ulaya, ule uliopata sifa kutoka miji ya Sheffield, Uingereza, na Solingen, Ujerumani, umechongwa sawa pande zote mbili za bapa, kwa hiyo haumbagui mtu. Wembe wa jadi wa Japani uitwao kamisori ni habari nyingine: haukunjiki, na pande zake mbili hazikuchongwa sawa, kwa kuwa umekusudiwa upande mmoja maalumu uelekee ngozi. Kwa kuwa ukihamisha mkono upande wa bapa unaogusa uso nao hubadilika, anayetaka kunyoa kwa mikono miwili atafaidika zaidi na ule wa Ulaya.

Shingoni ndiko mkono wa pili unakolipa gharama za kujifunza. Kwenye mashavu nywele za wengi hushuka chini, lakini shingoni hukua kwa namna ambayo huwezi kuibahatisha: nyingine hupanda, nyingine hulala upande, na mara nyingi upande wa kulia haufanani na wa kushoto. Zikaguliwe siku moja baada ya kunyoa, kwa vidole vikavu. Uelekeo unaoteleza ndio wa nywele, na unaokwaruza ni kinyume chake. Kwangu, nywele za shingoni upande wa kushoto huanzia chini ya sikio na kulala mshazari kuelekea kwenye kikoromeo. Ili kuzifuata, nageuza kichwa kidogo kulia, mkono wa kulia unapita nyuma ya shingo na kuishikilia ngozi chini ya sikio la kushoto, na mkono wa kushoto unauleta wembe mbele kwa mipigo mifupi, ukisimama kabla ya kufika kwenye kikoromeo chenyewe, ambako ngozi husogezwa pembeni kwa kidole ili inyolewe ikiwa juu ya mahali palipo bapa. Mkono wa kulia, pamoja na ustadi wake wote, haufiki hapo kwa pembe inayofaa mpaka kiwiko kiinuliwe mbele ya kidevu na koo lote lifichike kwenye kioo, kwa hiyo eneo hilo nimeliacha moja kwa moja kwa mkono wa kushoto.